Mzee Aliyezima Injini Angani

Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya duka la vyakula hapa Irving, jirani na Dallas, na mfuko wa mihogo iliyogandishwa mkononi, nilipigiwa simu kutoka Sugar Land, kando ya Houston. Aliyepiga ni mwanamke ambaye nimezungumza naye mara chache tu maishani, Mmarekani, mtu mzima mwenye wajukuu. Alisema baba yake amefariki alfajiri ile akiwa usingizini, na kwamba alitaka niipate habari hiyo kutoka kwake kabla sijaisikia kwa watu wa kazini. Nilimpa pole kwa Kiingereza changu, ambacho kwenye mambo ya msiba huwa kinaisha haraka, nikatoka kwenye foleni, nikaurudisha ule mfuko kwenye friji la duka, nikaenda kukaa ndani ya gari. Wasomaji wa safu hii mmezoea niwaandikie habari za kodi za nyumba, za vibali, na za harusi zetu zinazoanza saa tatu baada ya wakati uliotangazwa. Leo naomba mnivumilie. Nitaandika kuhusu mtu ambaye nilimkosea, na nitaeleza nilivyomkosea, kwa sababu wengi wenu mnafanya kazi kama niliyokuwa nikiifanya mimi.

Jina lake silitaji. Safu hii haina desturi hiyo, na ya kwake watayasema wenye haki ya kuyasema. Itoshe kusema kwamba alikuwa rubani wa majaribio wa helikopta, mmoja wa wale wa mwanzo kabisa katika mabanda ya ndege ya huku upande wa Fort Worth, enzi ambazo hata waliozibuni mashine hizo hawakuwa na uhakika kwamba kilichopaa kingeshuka na mtu wake akiwa mzima. Alianza akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na amekufa akiwa na tisini na sita. Katika vijana wote wa banda lake, yeye ndiye aliyekuwa amebaki. Mimi nilikutana naye wakati tayari vidole vyake haviwezi kufunga vifungo vya shati. Nilikuwa mhudumu wake katika nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya mchana, siku tano kwa wiki, kwa karibu miaka mitatu. Nilimwogesha, nilimnyoa, nilimletea uji wake wa shayiri, ambao kila siku aliomba uongezwe sukari na kila siku nilimwambia daktari amekataa. Yeye aliniita "kijana," mimi mwenye wajukuu saba na magoti yanayolia ngazini. Mimi nilimwita "mzee," neno alilolipenda mpaka akaanza kujitambulisha nalo kwa wageni.

Nyumba ile ina pande mbili, na msipozielewa hamtanielewa. Upande wa mbele wanakaa wazee ambao mwili umechoka lakini akili ipo. Milango ya vyumba vyao haifungwi, na mwishoni mwa ukumbi kuna mlango wa kioo unaotoka uani, penye benchi, miti miwili na anga pana ambamo ndege hupita zikishuka kwenda uwanja mkubwa. Upande wa nyuma wanakaa waliopotewa na kumbukumbu. Huko mlango unafunguliwa kwa namba za siri, na madirisha yanatazama ukuta wa jiko. Si mahali pabaya; watu ni wema na chakula ni kile kile. Lakini anayeingia huko hatoki nje bila kushikwa mkono, na anachokisema hakijibiwi kama kauli ya mtu mzima. Mzee wangu alikuwa upande wa mbele. Kila siku baada ya chakula cha mchana nilimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka kwenye lile benchi, nami nikakaa pale robo saa nikiandika ripoti zangu huku yeye akitazama juu na kuzungumza.

Alizungumza kuhusu helikopta. Alisema mara ya kwanza mashine ilifungwa kwa kamba kwenye vipande vizito vya zege, ikanyanyuka kimo cha meza, ikacheza kama mbuzi aliyefungwa, na watu wakashangilia kama wameona mwezi ukitua. Alisema mtetemo wake ulikuwa mkali kiasi kwamba jioni mikono ilikuwa haiwezi kushika kijiko. Na alisema, mara nyingi kuliko mengine yote, kwamba kazi yake hasa ilikuwa kupanda juu na kuzima injini kwa makusudi. Si kwa bahati mbaya. Alikuwa anapanda, anahesabu, anaizima, halafu anashuka nayo.

Hebu niulizeni nilimjibu nini. Nilimjibu, "Ndiyo, mzee." Nilisema ndiyo alipoeleza kamba, nikasema ndiyo alipoeleza mtetemo, nikasema ndiyo kwenye injini, vidole vyangu vikiendelea kuandika. Wasomaji wangu wa Burundi na wa Kongo, na nyie wa Tanzania na Kenya, mnaijua hiyo ndiyo. Tumelelewa nayo. Mtu mzima akisimulia, unaitikia. Hata akisema babu yake alishindana mweleka na chui, unaitikia, kwa sababu kumkatiza ni utovu wa adabu na kumhoji ni ubaya zaidi. Nilikulia katika makazi ya wakimbizi upande wa Tanzania, nikasoma sekondari huko huko, na kitu cha kwanza nilichofundishwa kabla ya kusoma ni kuitikia. Tulipokuja Marekani, tukaanza kwenye vyumba vya mtaa wa Vickery Meadow kule Dallas, familia tatu mlango kwa mlango, wengi wetu tuliingia kwenye kazi hizi za wazee, na wakubwa wa kazi wakatusifu: watu wenu wana subira, watu wenu hawabishani na wazee. Nilijivunia sifa hiyo kwa miaka.

Palikuwa na jambo jingine, nalo sina budi kulisema hata kama linaniuma. Helikopta ya kwanza niliyoiona mimi sikuiona kwenye sherehe. Nilikuwa mtoto wa darasa la pili, tunakimbia kuelekea mpaka wa Tanzania, mama amembeba mdogo wangu mgongoni, na kile kitu kikaja kwa chini juu ya migomba, kikainamisha majani yote upande mmoja. Mama alitulaza kwenye mfereji na kutufunika kwa khanga, kana kwamba kitambaa kingezuia lolote. Wako waliolala kwenye mfereji ule ambao hawakuamka. Basi mzee aliposema, huku akicheka na uji ukiwa kidevuni, kwamba yeye na wenzake ndio waliozifundisha mashine hizo kutua, sikutaka kujua. Sikutaka kitu kile kiwe na wazazi. Sikutaka kiwe kimetokana na mtu anayeomba sukari. Ilikuwa rahisi kwangu kuamini kwamba mzee huyu anaota.

Aliyenionya ni mama mmoja wa Uvira, Kongo, tuliyekuwa naye zamu moja, mwanamke mcheshi ambaye alimtania kila mtu bila kuogopa cheo. Siku moja alitupita pale kwenye benchi, akanisikia nikisema ndiyo mara nne mfululizo, akasimama na kapu lake la mashuka kiunoni.

"Papa, weye unaitikaka sana," akaniambia. "Ule muzee siku moja atakuambia weye ni ndege, utaitika, utaruka."

Nikamwambia hivyo ndivyo tulivyofundishwa kuheshimu wakubwa. Akacheka, halafu akaacha kucheka.

"Na swali? Umeshamuuliza hata swali moja? Mi naona ule muzee hana wazimu. Anakuangaliaka, anangoja umuulize."

Nilimwona anajitia mjuaji. Sikumuuliza mzee kitu siku hiyo, wala kesho yake.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe. Kazi yetu ina mambo mawili: kumhudumia mtu, na kuandika. Kila mwisho wa zamu unajaza kwenye tableti ya kazini amekula kiasi gani, amelala vipi, ngozi ikoje, na kuna sehemu ya hali ya akili. Kwa muda mrefu sehemu hiyo niliandika "kawaida." Kisha kiangazi cha mwaka juzi mzee alipata maambukizi ya mkojo, akawa na homa siku tatu, akaweweseka kama anavyoweweseka yeyote mwenye homa. Alipopona alirudi kwenye hadithi zake zile zile, ila safari hii akizieleza kwa bidii zaidi, akinishika mkono wa shati, kama mtu anayeona saa zinamwishia. Nami mwisho wa zamu nikaandika maneno ambayo nayakumbuka kuliko nikumbukavyo namba yangu ya simu: "Amechanganyikiwa. Anasimulia mambo yasiyowezekana." Nikaandika hivyo kesho yake, na keshokutwa, wiki mbili nzima. Mdomoni nilimpa ndiyo, kwenye tableti nikampa hapana, na hakuna hata siku moja niliyoandika ni mambo gani hasa aliyosimulia.

Muuguzi mkuu wa zamu yetu alikuwa dada wa Kenya, mkali kwa kazi lakini mwenye haki. Aliniita ofisini na kunionyesha maandishi yangu.

"Mzee wangu, uko sure na hii?" akaniuliza. "Juu nikiipeleka kwa daktari, hatakaa kule mbele. Watampeleka nyuma."

Nilisema ndiyo. Akaniangalia kidogo, kama anayengoja niongeze kitu. Sikuongeza. Daktari alikuja, akasoma, akamuuliza mzee maswali ya haraka kuhusu tarehe na jina la rais, mzee akakasirika kuulizwa kama mtoto na akakataa kujibu. Binti yake alipigiwa simu Sugar Land, akasomewa ripoti, akalia, akakubali. Kwa ripoti ile, nani asingekubali? Jumatatu moja tulimsukuma mzee mpaka upande wa nyuma na begi lake moja. Mlango ulipojifunga aligeuza shingo kuutazama, halafu akanitazama mimi. Nilimwambia huku ni pazuri pia, mzee. Nilitegemea aitikie.

Huko nyuma alikonda. Aliacha kuzungumza kuhusu helikopta, na mimi, Mungu anisamehe, nikaona ni dalili kwamba dawa zinafanya kazi. Ndipo mwezi wa pili mwaka jana binti yake akapanda gari kutoka kule Houston akaja kumwona, na baada ya kukaa naye saa nzima akanikuta kwenye ukumbi. Alikuwa mpole. Alisema anajua mimi ndiye niliyekuwa karibu naye zaidi, na angependa kuelewa ugonjwa ulivyoanza. Aliniuliza, ni vitu gani hasa alikuwa akivisema?

Nikamweleza kama mtu anayeeleza jambo la kusikitisha. Nikasema alidai alikuwa akipaa na helikopta, anazima injini kwa makusudi, halafu anashuka nayo.

Nilidhani binti yake atalia. Kisha akasema taratibu, bila ukali wowote, "Lakini hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake."

Alinieleza akiwa amesimama, mkoba begani. Injini ikizimika angani, helikopta inaanguka, lakini ule upepo unaotoka chini unaendelea kuyazungusha mapanga yake ya juu, na rubani anayejua anaweza kuyatumia yale mapanga, karibu kabisa na ardhi, kuvunja kasi ya kuanguka na kutua. Nafasi ni moja tu. Akiwahi mno au akichelewa mno, amekwisha. Ilibidi watu fulani wajaribu hadi wajue ni wakati gani hasa, ili marubani wote watakaokuja waweze kufundishwa. Baba yake alikuwa mmoja wao. Wawili aliokuwa akila nao chakula cha mchana walikufa katika jaribio hilo hilo. Mama yake, alisema, alikataza kabisa mambo hayo yasizungumzwe nyumbani, kwa kuwa kila asubuhi mume wake alikuwa anaondoka kwenda kuanguka kwa makusudi.

Ningependa kuwaambia kwamba nilikimbia ofisini saa ile ile. Sikukimbia. Nilihesabu miezi iliyobaki kabla sijastaafu, nikafikiria cheti changu cha kazi, nikafikiria aibu mbele ya yule dada wa Kenya, nikanyamaza wiki tatu. Kwa wiki tatu nilifungua mlango ule kwa namba za siri, nikamwogesha mtu niliyemfungia, nikatoka. Yule mama wa Uvira ndiye aliyenikuta siku moja nimekaa kwenye chumba cha mashuka bila sababu. Nilimsimulia yote. Sikupata mzaha niliozoea kutoka kwake. Aliniambia tu, papa, ukikufa na hii utaibebaka kwa shingo. Nikanyanyuka, nikaenda ofisini, nikasema.

Muuguzi mkuu hakunifokea, na nadhani ningepona zaidi kama angenifokea. Alivua miwani, akasugua macho, akaanza kunieleza utaratibu. Daktari lazima apime upya. Chumba cha mbele kilikwisha kupewa mtu, na kuna wengine wanaosubiri. Atafanya awezalo, lakini si jambo la wiki moja. Akaniambia niandike upya kila kitu, safari hii kwa maneno ya mzee mwenyewe. Nilikaa na kazi hiyo mpaka zamu ya wenzangu ikaanza, na nikagundua jambo ambalo nitalirudia hapo chini kwa kuwa ndilo linalonivunja moyo mpaka leo: nilikuwa nimesahau mengi.

Jumapili iliyofuata nilimwambia mzee mwenyewe. Nilipiga goti kando ya kiti chake, si kwa kuigiza, bali kwa sababu masikio yake yalitaka mtu awe karibu. Nikamwambia ni mimi niliyeandika kwamba amechanganyikiwa. Nilitegemea hasira, au msamaha, au kwamba hatanielewa, na hilo la mwisho, nakiri, nililiombea.

"Uliandika nini hasa?" akauliza.

Nikamwambia maneno yenyewe. Akafumba macho. Halafu akaniambia kwamba wao, baada ya kila jaribio, walikuwa hawaruhusiwi hata kunywa kahawa kabla ya kuandika. Unakaa peke yako, unaandika mashine ilifanya nini: ilitetemeka wapi, kwa muda gani, ukiwa kimo gani. Aliyeandika kwamba mashine ni mbaya alirudishiwa karatasi yake. Mbaya vipi? Ulihisi nini, mkono gani? Akafumbua macho na kunitazama, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemsahihisha mwanafunzi aliyempenda.

"Kwa maneno kama hayo, kijana, hata mashine tusingeifungia bandani."

Nilienda kwa muuguzi nikaomba ruhusa ya kumtoa mzee uani, akatupa robo saa. Kulikuwa na baridi, nikamfunika kwa mablanketi mawili na kofia yangu. Tukakaa kwenye benchi letu la zamani, na kwa mara ya kwanza katika karibu miaka mitatu nikamuuliza swali. Nilimuuliza, ukishazima injini, unasikia nini?

Uso wake ulibadilika. Sitajaribu kuueleza. Alichukua muda mrefu, akitafuta jibu sahihi kama aliyepewa karatasi ya ripoti.

"Upepo," akasema. "Halafu mapanga. Halafu unasikia mtu anapumua, na unashangaa ni nani, kumbe ni wewe."

Nikamuuliza kama aliogopa. Akasema kila mara, ila mikono yake haikuwa na habari. Kisha akaniuliza na yeye swali, kama nimewahi kupanda helikopta. Nikamweleza habari ya mfereji, migomba na khanga ya mama. Sijui kwa nini. Hata watoto wangu sijawahi kuwaeleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza mama alikuwa na miaka mingapi. Aliniuliza khanga ilikuwa ya rangi gani. Nilipomaliza alikaa akitazama mikono yake, akasema, "Tulidhani tunatengeneza kitu cha kuokota majeruhi." Robo saa ikaisha, nikamrudisha ndani.

Wiki ile ile alianguka bafuni, zamu isiyokuwa yangu, akavunjika nyonga. Aliporudi kutoka hospitali hakuwa tena mtu wa kuzungumza. Alitazama tu, na mara nyingine alinishika mkono wa shati kama zamani. Daktari alimpima upya kwa ripoti yangu mpya, lakini sasa hata mimi sikuwa na la kubisha. Hakurudi upande wa mbele. Mimi nilistaafu mwezi wa saba mwaka huo huo, nikaendelea kwenda kumwona kila Alhamisi, na nilikuwa nimpelekee uji wenye sukari Alhamisi ya wiki ile aliyokufa.

Nimefikiria sana jambo hili la kuitikia, na nisingependa mniambie kwamba desturi yetu ni mbaya. Kule tulikotoka, mzee aliposimulia habari ya chui, waliomzunguka walikuwa kumi. Mmoja alimjua tangu utoto, mwingine alikuwa shemeji yake, na bibi aliyekuwa anachambua maharage pembeni alijua ni lipi la kweli na lipi limeongezwa chumvi. Ndiyo ya mtoto haikuharibu kitu, kwa sababu ukweli wa mzee ulikuwa umetunzwa na wengine. Hapa nilikuwa peke yangu. Mke wake amekufa, rafiki zake wamekufa, binti yake yuko mwendo wa saa nne kwa gari, na kati ya mtu huyu na kusahaulika palikuwa na mimi na tableti. Nilileta adabu ya watu kumi mahali palipokuwa na mtu mmoja. Na ndiyo hiyo si yetu peke yetu. Juzi nilianza kumsimulia mjukuu wangu wa kike tulivyovuka mto, na kabla sijafika katikati akaniambia, "Okay, Babu," bila kuinua macho kwenye simu yake. Alisema kwa upole kabisa. Nilitambua sauti hiyo. Ni yangu, imetafsiriwa tu.

Jumamosi tulimzika, katika makaburi ya upande wa Fort Worth, watu hawakuzidi ishirini. Yule mama wa Uvira alikuja na kitenge chake cha kanisani, na dada wa Kenya alikuja moja kwa moja kutoka zamuni. Hakuna helikopta iliyopita juu. Anga lilikuwa tupu. Baada ya sala binti yake alinifuata kwenye maegesho. Alikuwa na daftari jipya, lenye jalada la kijani, na kalamu imechomekwa ndani. Alisema wao nyumbani hawakuwahi kusikia lolote kuhusu siku zile. Kwanza kwa sababu ya mama, kisha kwa mazoea, kisha kwa umbali. Amegundua kwamba mtu pekee ambaye baba yake alimsimulia kila kitu, siku baada ya siku, kwa karibu miaka mitatu, ni mimi. Akaniomba, nikiwa na nafasi, nimweleze yote taratibu, aandike kwa ajili ya wajukuu.

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia kuhusu kamba na zege, kuhusu mikono isiyoshika kijiko, kuhusu upepo, mapanga na pumzi. Nikamwambia kwamba zaidi ya hapo sina. Yalikuwepo majina ya watu, ilikuwepo habari ndefu ya shamba la pamba alimotua, ilikuwepo ya mvua ya mawe, kulikuwa na kitu kuhusu wale wawili waliokufa, ambacho alikirudia mara nyingi na ambacho sikukishika, kwa sababu nilikuwa nikiitikia. Alikuwa ameandika ukurasa mmoja haujajaa. Alingoja kidogo, kama pengine ningekumbuka jingine, halafu akachomeka kalamu mahali pake, akafunga daftari, akanishukuru.

Ndugu zangu mnaofanya kazi hizi, Dallas, Irving, Houston na kwingineko: kesho ukiingia zamu, mchague mmoja, yule anayerudia hadithi ile ile mpaka imekuchosha. Weka tableti chini. Muulize swali moja ambalo hujui jibu lake, kisha kaa mpaka amalize kujibu.